Anayetumia maji ya bondeni amlipe anayetunza mlima

Abiria wanaotoka Kigali kwenda Muhanga huvuka Mto Nyabarongo muda mfupi tu baada ya kupita Giti cy'Inyoni. Hata kiangazi maji ya mto huo si maangavu, na wengi hawageuzi shingo. Lakini mvua za Machi na Aprili zikishika kasi, hata aliyeizoea barabara hiyo hutazama nje ya dirisha: mto mzima huwa na rangi ya tofali bichi. Sehemu kubwa ya rangi hiyo haikutoka mjini. Ni udongo wa mashamba ya Ngororero, Karongi, Nyamagabe na Gakenke, unaosafiri kwenda Ziwa Victoria bila mwenyewe kulipwa chochote.

Mto huo ndio tegemeo la mji. Mtambo wa kusafisha maji wa Nzove uko kando yake. Mtambo wa Kanzenze, uliojengwa na kampuni ya Metito kwa ubia na serikali na kukamilika mwaka 2021, ukiwa na uwezo wa kutoa mita za ujazo 40,000 kwa siku, nao unategemea bonde hilohilo. Kabla mto haujafika Kigali, maji yake yameshapita kwenye bwawa la umeme la Nyabarongo la kwanza, lenye uwezo wa megawati 28. Tope likizidi, mtambo wa maji huhitaji shabu zaidi, vichujio huziba mapema, na bwawa hupoteza nafasi ya kuhifadhi maji. Kwa maneno mengine, udongo unaoporomoka mlimani una ankara yake. Mji na viwanda vinailipa kila mwaka, ila vinailipa mahali ambapo uharibifu umekwisha kutokea.

Kumlipa mkulima aliye juu ya mlima ili udongo usiondoke kabisa ni jambo ambalo bado linaonekana kama sadaka. Hapo ndipo kosa lilipo.

Kampuni nyingi za Kigali hazijakaa kimya kuhusu mazingira. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya Umuganda, si ajabu kuona wafanyakazi wa benki, wa kampuni ya simu au wa kiwanda cha vinywaji wakiwa na fulana zenye nembo, majembe mikononi, wakipanda miche pamoja na wanakijiji. Ni jambo jema na halistahili kubezwa. Nchi hii ilijiwekea lengo la misitu kufikia asilimia 30 ya ardhi yake, na takwimu za serikali za mwaka 2019 zilionyesha kuwa lengo limefikiwa. Mwaka 2011 Rwanda iliahidi pia, katika mpango wa dunia unaoitwa Bonn Challenge, kurejesha uhai wa hekta milioni 2 za ardhi iliyochoka. Ahadi kubwa namna hiyo haitimizwi bila mikono mingi.

Lakini mche uliopandwa Jumamosi una Jumatatu yake. Unahitaji palizi, unahitaji kulindwa dhidi ya mbuzi, na unahitaji mtu wa kuuangalia Julai na Agosti jua linapokausha ardhi. Huyo si mfanyakazi wa kampuni, kwa sababu amekwisha kurudi ofisini. Ni mkulima mwenye shamba. Hesabu za imihigo za wilaya na taarifa za mwaka za kampuni huandika miche mingapi imepandwa. Ni nadra kuandika mingapi iko hai baada ya miaka mitatu, na ni nadra zaidi kuandika mkulima alipata nini kwa kuitunza.

Tuangalie hesabu ya mkulima mwenyewe. Chukua mfano wa familia yenye nusu hekta kwenye mteremko mkali. Familia za namna hiyo ni nyingi katika nchi ambayo kaya ya kawaida ya mkulima ina chini ya hekta moja. Bwana shamba akiishauri iache mita moja ya majani ya kuzuia udongo katika kila mita 10 za mteremko, imeshatoa sehemu moja ya kumi ya shamba. Ikichimbiwa matuta makubwa ya ngazi, yale ambayo Wanyarwanda huyaita amaterasi y'indinganire, udongo wa juu wenye rutuba huchanganyika na udongo mwekundu wa chini. Bila chokaa na samadi ya kutosha, mavuno ya misimu ya kwanza hushuka badala ya kupanda. Mti wa grevilia hautoi nguzo wala mbao kabla ya miaka kadhaa. Mparachichi uliounganishwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Watoto wa nyumba hiyo hawawezi kusubiri miaka mitatu kula.

Baadaye faida huja. Udongo hubaki shambani, maharage hustawi, ng'ombe hupata majani, na kuni hazitafutwi mbali. Hakuna anayebisha. Tatizo ni kwamba hasara huja leo kwa mwenye shamba peke yake, na sehemu kubwa ya faida huenda kesho kwa watu wa bondeni: mji, kiwanda, mtambo wa umeme, mashamba ya mpunga. Mkulima maskini anapong'oa ukanda wa majani ili apande mahindi, hafanyi hivyo kwa ujinga. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa mtu ambaye hana akiba.

Serikali imekwisha kulielewa hilo kwa nusu. Kupitia mpango wa VUP, ulioanza mwaka 2008, kaya maskini hulipwa ujira kwa kazi za umma, zikiwemo kazi za kuchimba matuta. Kwa hiyo kulipia jasho la kuhifadhi ardhi si jambo geni nchini. Kilichokosekana ni nusu ya pili. Kuchimba tuta kunalipwa mara moja. Kulitunza kwa miaka 10 hakulipwi na mtu yeyote. Tuta lisilotunzwa hubomoka, na likibomoka kwenye mteremko mkali linaweza kushusha udongo mwingi kuliko mteremko ambao haukuguswa.

Anayedhani haya ni mambo ya wanamazingira peke yao akumbuke bonde la Rugezi, katika wilaya za Burera na Gicumbi. Bonde hilo lenye majimaji ndilo linaloyalisha maziwa ya Burera na Ruhondo, na maziwa hayo ndiyo yanayoendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka na Mukungwa. Bonde lilipokaushwa na kulimwa, na vilima vilivyolizunguka vikabaki wazi, kina cha maji kilishuka. Kufikia mwaka 2004 uzalishaji wa umeme ulikuwa umeporomoka, nchi ikalazimika kukodi jenereta za dizeli, na bei ya umeme ikapanda kwa kila mtu, kuanzia mwenye kinyozi hadi mwenye kiwanda. Serikali ililifunga bonde, ikapanda miti na kujenga matuta kwenye vilima, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji yalirudi, na umeme ukarudi.

Rugezi inasifiwa kila mahali, na inastahili. Lakini funzo lake lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba kilima na bonde vikitunzwa, mitambo huzalisha. Hiyo ni biashara, si hisani. Upande wa pili husemwa kwa sauti ya chini: waliobeba mzigo wa kwanza ni wakulima na wafugaji walioambiwa watoke bondeni. Umeme wa Kigali uliokolewa na watu ambao wengi wao hawakuwa na umeme. Amri ya serikali ilifanya kazi kwa sababu hali ilikuwa ya dharura. Haiwezekani kuendesha kila kilima cha nchi kwa amri ya dharura.

Majirani wamejaribu njia nyingine, na Kigali ina mengi ya kujifunza kwao, mazuri na mabaya.

Nchini Kenya, karibu maji yote ya jiji la Nairobi hutoka katika bonde la Mto Tana, mengi yakipitia Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a. Machi 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ukiratibiwa na shirika la The Nature Conservancy. Waliokaa mezani hawakuwa wanamazingira tu. Kulikuwa na kampuni ya maji ya jiji, kampuni ya umeme ya KenGen, kampuni ya bia ya East African Breweries na Coca-Cola. Kabla ya kutoa fedha, walitaka hesabu. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya mfuko huo ulikadiria kuwa dola milioni 10 zikitumika milimani zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30, kutokana na tope kupungua, umeme kuongezeka na mavuno ya wakulima kupanda. Baada ya hapo maelfu ya wakulima walisaidiwa kuchimba matuta, kupanda majani ya tembo, ambayo Wakenya huyaita nepia, kupanda miparachichi na kutengeneza vibwawa vya kuvuna maji ya mvua vilivyotandikwa plastiki. Mkulima wa Murang'a hakuombwa aupende mto wa Nairobi. Alipewa kitu anachokitaka shambani mwake, na mto ukanufaika.

Kaskazini-magharibi ya Nairobi, kwenye Ziwa Naivasha, wakulima wakubwa wa maua waliona ziwa linalomwagilia mashamba yao likijaa udongo kutoka nyanda za juu. Kwa msaada wa WWF na CARE, chama cha watumiaji wa maji wa ziwa hilo kilianza mwaka 2010 kuwalipa wakulima wadogo wa juu kwa vocha za kununulia pembejeo, kwa sharti kwamba wanaacha kingo za mito, wanapanda nyasi na kutunza matuta. Kiasi hakikuwa kikubwa. Lakini kwa mara ya kwanza anayeuza maua Ulaya na anayelima viazi mlimani waliandikiana mkataba.

Tanzania nayo ina simulizi yake. Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, unapata maji yake katika Milima ya Uluguru, Morogoro. Kuanzia mwaka 2006, CARE na WWF waliandaa mpango ambao Dawasco, iliyokuwa kampuni ya maji ya jiji, pamoja na Coca-Cola walikubali kuchangia malipo kwa wakulima wa Uluguru waliochimba makinga maji na kupanda miti. Wakulima walionyesha kuwa wako tayari. Udhaifu ulikuwa kwingine: mpango ulisimama zaidi kwenye mabega ya wafadhili kuliko kwenye bajeti za wanaotumia maji. Mradi una tarehe ya kufungwa. Mto hauna.

Tofauti kati ya mifano hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza Kigali. Pale ambapo mtumiaji wa maji ameona kwamba kutunza mlima ni gharama ya uzalishaji, kama vile mafuta ya jenereta au mshahara wa fundi, fedha zina nafasi ya kuendelea. Pale ambapo zimetoka kwenye fungu la misaada kwa jamii, hubaki zikitegemea moyo wa meneja aliyepo, na meneja huhamishwa.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba kampuni tayari zinalipa kodi na bili za maji, na kuhifadhi ardhi ni kazi ya serikali. Ni kweli zinalipa. Lakini kodi huingia hazina na kugawanywa kwa shule, hospitali na barabara. Haimfikii mkulima wa kilima fulani kwa kazi fulani. Aidha, hapa hatuzungumzii adhabu. Kampuni inayotegemea maji safi hununua bima ya moto na bima ya magari. Kilima kilichotunzwa ni bima ya maji.

Hoja ya pili ni kwamba haifai kumlipa mtu kwa kutunza shamba lake mwenyewe. Ingekuwa hivyo kama faida yote ingebaki kwake. Mkulima halipwi kwa kulima maharage yake. Analipwa kwa huduma anayompa mtu wa chini, na kwa sehemu ya shamba aliyoitoa ili huduma hiyo ipatikane. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na ni ajabu kwamba msemo huo unaeleweka haraka katika kila biashara ya mjini isipokuwa hii.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kampuni zikiingia mlimani, mkulima maskini anaweza kupoteza hata kidogo alicho nacho. Hofu hiyo ina msingi. Nchini Uganda, mwaka 2011 shirika la Oxfam lilitoa ripoti likidai kuwa zaidi ya watu 20,000 waliondolewa katika ardhi ya Mubende na Kiboga kupisha mashamba ya miti ya kampuni ya New Forests. Kampuni ilikanusha kuhusika na vitendo vya kikatili. Baadaye ofisi ya malalamiko ya Shirika la Fedha la Kimataifa la kundi la Benki ya Dunia ilisimamia upatanisho, na makubaliano yakafikiwa na jamii hizo. Miti ilikuwepo, wawekezaji walikuwepo, na maneno mazuri kuhusu mazingira yalikuwepo. Kilichogombaniwa ni ardhi.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mpango wowote wa Rwanda liwe hili: ardhi inabaki ya mkulima, na mti uliopandwa humo ni wake. Hapa Rwanda ina nafasi nzuri kuliko majirani wengi. Zoezi la kuandikisha ardhi lililomalizika mwanzoni mwa muongo uliopita liliorodhesha zaidi ya vipande milioni 10, na hati nyingi zina majina ya mke na mume pamoja. Mkataba wa kutunza mlima unaweza kuandikwa juu ya hati hiyo hiyo. Malipo yaandikwe kwa majina yote mawili, yasiingie kwenye simu ya mtu mmoja, kwa sababu anayepalilia miche mara nyingi ni mama wa nyumba.

Sharti la pili ni aina ya mti. Sehemu kubwa ya misitu ya kupandwa nchini ni mikaratusi. Mkaratusi hukua haraka na huuzika, na hakuna haja ya kuulaani. Lakini unakunywa maji mengi, na chini yake majani hayastawi vizuri ili kushika udongo. Kampuni inayotaka kutunza maji haina sababu ya kulipia mikaratusi pembeni ya chemchemi. Mti wa kulipiwa ni ule unaokaa na mazao: grevilia kwenye mipaka, kaliandra kwa chakula cha mifugo, mparachichi karibu na nyumba, mwanzi kando ya mto. Na mkulima achague mwenyewe, kwa sababu mti ambao hakuuchagua ndiye atakayekuwa wa kwanza kuukata.

Sharti la tatu ni malipo kufuata uhai, yasifuate upandaji. Fungu la kwanza litolewe mwanzoni, kwa sababu chokaa na samadi havinunuliwi kwa ahadi. Yanayobaki yagawanywe kwa miaka, na kila mwaka yalipwe kwa miti iliyo hai na matuta yaliyosimama. Njia hii si ya kubuni tu. Mpango wa TIST, ulioanzia Mpwapwa nchini Tanzania mwaka 1999 na kuenea Uganda na Kenya, huwalipa vikundi vya wakulima malipo madogo ya kila mwaka kwa kila mti ulio hai, pamoja na kuwaahidi sehemu kubwa ya faida ya biashara ya kaboni. Wakulima wenyewe ndio wanaohesabu miti ya wenzao. Nchi ambayo kila umudugudu unajua nani ana ng'ombe na nani hana, na ambayo malipo ya MoMo yanafika hadi kijiji cha mwisho, haiwezi kusema kuhesabu miti ni kazi ngumu.

Sharti la nne ni chanzo cha fedha kisichotegemea hisani. Mji wa Quito, nchini Ecuador, ulianzisha mfuko wake wa maji mwaka 2000, na sehemu ya mapato ya kampuni ya maji ya mji, iliyofikia asilimia 2, huingia humo kwa ajili ya kutunza milima inayouletea maji. Rwanda tayari ina Mfuko wa Kijani, FONERWA, ulioanzishwa mwaka 2012, na Bodi ya Rasilimali za Maji ambayo kazi yake ni mabonde ya mito. Hakuna haja ya kuunda chombo kipya chenye magari mapya. Kinachohitajika ni dirisha moja ndani ya mfuko uliopo, linalopokea mchango wa watumiaji wakubwa wa maji, yaani mitambo ya umeme, viwanda vya vinywaji na maziwa, viwanda vya chai, hoteli kubwa, na kulipa moja kwa moja kwa ushirika wa wakulima wa bonde husika. Mchango huo usiwekwe kwenye jerikani la maji la mama wa Nyamirambo au Kimisagara. Yeye tayari anayalipia maji kwa shida, na hapaswi kubebeshwa gharama ya kiwanda.

Mahali pa kuanzia panajulikana. Mto Sebeya, unaoshuka kutoka upande wa Gishwati hadi Ziwa Kivu mjini Rubavu, ni mfupi, na watumiaji wake wanahesabika: mitambo midogo ya umeme ya Keya, Gihira na Gisenyi, na mtambo wa maji unaohudumia mji huo. Msitu wa Gishwati ulikuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970. Miradi ya mifugo, kilimo na makazi ya watu waliorudi nchini baada ya 1994 vikaupunguza hadi mamia machache ya hekta. Sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na kazi ya kurejesha bonde la Sebeya imeanza kwa fedha za serikali na wahisani. Lakini usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 ulionyesha umbali uliobaki. Mafuriko na maporomoko ya udongo katika majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini yaliua zaidi ya watu 130 na kubomoa maelfu ya nyumba, na Sebeya ilifurika hadi ndani ya nyumba za watu wa Rubavu. Mvua ile ilikuwa kubwa kupita kiasi, na hakuna tuta linalozuia kila mvua. Lakini mlima wenye miti na matuta hutoa maji polepole, na katika usiku kama ule saa moja ya kuchelewa ni uhai wa mtu.

Jambo hili pia si la Rwanda peke yake. Nyabarongo hukutana na Akanyaru, mto wa mpaka na Burundi, na kuwa Akagera. Akagera hufika Maporomoko ya Rusumo, ambako Rwanda, Burundi na Tanzania zimejenga pamoja mtambo wa megawati 80 na kugawana umeme sawa kwa sawa. Kisha maji huingia Ziwa Victoria, yakibeba udongo na mbolea ya milimani, chakula cha magugu maji yanayowasumbua wavuvi wa Mwanza, Kisumu na Jinja. Tope la Ngororero halina pasipoti, na wala halisimami Rusumo kugongwa muhuri.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ililiona hilo mapema. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ya mwaka 2003 ilikubali kanuni mbili rahisi: anayechafua alipe, na anayetumia alipe. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na kukuta kanuni hizo zimekwisha kuandikwa. Tume ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Kilichobaki ni kuzitoa kanuni hizo kwenye makabati na kuzipeleka kwenye mikataba. Tume ingeweza kuandaa mfano mmoja wa mkataba kati ya watumiaji wa maji na wakulima, ambao kila nchi ingeurekebisha kulingana na sheria zake. Kampuni za vinywaji, saruji na benki zinazofanya kazi katika nchi tatu au nne za Jumuiya zingejua kwamba kinachotakiwa Nairobi kinatakiwa pia Kigali, Bujumbura na Kampala. Mitambo ya Rusumo, mali ya nchi tatu, ingekuwa ya kwanza kutenga sehemu ndogo ya mapato yake kwa wakulima wa juu katika nchi hizo tatu.

Msimu ujao wa kupanda miti utakapofika, magari ya kampuni yatatoka tena Kigali yakiwa na miche nyuma. Yaende. Lakini safari hii mkurugenzi achukue pia karatasi mbili: mkataba wa miaka 10 ulioandikwa kwa Kinyarwanda na kusomwa kwa sauti mbele ya mkutano wa umudugudu, na ratiba ya malipo ya kila mwaka kwa kila mti utakaokuwa hai. Mwenye shamba atie sahihi, mke na mume. Nakala moja ibaki kwa mkulima, nyingine iende kwa mhasibu wa kampuni, iwekwe kwenye faili lilelile lenye bili ya umeme na bili ya maji.